Mafunzo ya utawala kijijini: namna ya kuyaandaa hadi mwananchi naye ajue kusoma leja

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulileta halmashauri mpya za vijiji mkoa mzima wa Tanga, na kwa desturi yetu kinachofuata uchaguzi ni mafunzo. Viongozi wanaitwa wilayani, wanakaa ukumbini chini ya feni, wanapewa faili na kalamu, wanasaini posho, wanarudi makwao. Waliowachagua hawaambiwi hata kilichofundishwa. Mwenyekiti anarudi na msamiati mpya, mwananchi anabaki na maswali yale yale, na pengo baina yao limeongezeka.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kufanya vingine: asasi ndogo, afisa maendeleo ya jamii, vijana wa kijiji waliosoma, au kijiji chenyewe kisichotaka kusubiri mfadhili. Mifano mingi nimeitoa pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, na bara ya Handeni na Kilindi.

Chagua sheria chache, uziache nyingine

Mwezeshaji anayeingia na mada ishirini hutoka na washiriki wanaosinzia. Chukua tatu tu.

Ya kwanza ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Humo kuna jambo moja la kulishika: mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli ya juu kijijini. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25 ambao robo yao angalau ni wanawake, inafanya kazi kwa niaba ya mkutano huo. Waulize watu siku ya kwanza, "Nani mkubwa hapa kijijini?" Wengi watasema mwenyekiti, baadhi watasema mtendaji. Andika majibu yote kwenye bango kitita, ulibandike ukutani, wala usisahihishe. Litasahihishwa na wenyewe kesho yake.

Ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Inasema halmashauri ya kijiji ni msimamizi tu wa ardhi, kama mdhamini anavyosimamia mali ya wengine, na haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Inasema pia kuwa mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi haina nguvu. Kifungu hiki kisome polepole, ukirudie, kwa sababu kuna wazee watakaodai umekitunga.

Ya tatu itategemea kijiji kinaishi kwa nini. Pwani ni Sheria ya Uvuvi ya 2003 pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za pwani, vile vinavyoitwa BMU. Penye msitu ni Sheria ya Misitu ya 2002, inayokiruhusu kijiji kutenga msitu wake chini ya usimamizi wake chenyewe. Penye wakulima na wafugaji ni Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Ukichanganya zote, hakuna itakayobaki kichwani.

Ruhusa

Barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya, nakala kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kisha kwa Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji. Ambatanisha ratiba na majina ya wawezeshaji. Kama ni asasi, weka nakala ya cheti cha usajili. Kazi hii inachosha, lakini usiiruke: mafunzo ya utawala yanayoendeshwa bila barua huishia kuitwa siasa.

Tarehe: uliza mwezi wa angani kabla ya kalenda

Hapa ndipo watu wa mjini wanapoharibu kazi kabla haijaanza. Wanapanga Jumatatu hadi Jumatano kwa kuwa ukumbi uko wazi, wanafika Moa au Kigombe wanakuta wazee na watoto. Wanawake wako baharini.

Kijiji cha pwani kinakwenda na maji. Kwenye bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka mbali, na huo ndio muda wa wanawake kwenda kufunga na kuvuna mwani au kusaka pweza miambani. Ukiita mafunzo siku hizo umewaondoa wao bila kusema. Subiri maji mafu, yasiyokauka mbali, karibu na siku ya saba au ya ishirini na mbili ya mwezi wa angani, wakati hakuna cha kufuata huko chini. Lakini wavuvi wa dagaa nao wana hesabu yao: wanavua kwa taa gizani na wanapumzika mbalamwezi, yaani siku zilezile za bamvua ambazo wanawake wana kazi. Hakuna siku inayowafaa wote. Suluhisho ni kufanya mafunzo maji mafu, kuanzia saa nne asubuhi ili aliyekesha baharini apate usingizi kidogo, halafu kuweka kikao kimoja cha nyongeza cha jioni kwa watu wa dagaa mbalamwezi inapokuja. Gharama inaongezeka kidogo. Ukikataa gharama hiyo, basi kubali kwamba umechagua nani asikilizwe.

Bara hesabu ni nyingine. Handeni na Kilindi muulize mwenyeji siku ya mnada wa ng'ombe na siku ya gulio, ukae mbali nazo. Masika, Machi hadi Mei, watu wako shambani na barabara nyingine hazipitiki. Ijumaa isizidi saa tano. Ramadhani acha kabisa, isipokuwa wenyewe waombe.

Nani akae kwenye mkeka

Usiite halmashauri peke yake. Kanuni ninayoitumia ni hii: kwa kila kiongozi mmoja, wawepo wananchi wawili wasio na cheo. Hao wawili wachaguliwe kwenye kitongoji chao, mbele ya watu, asiwateue mwenyekiti. Mmoja awe mwanamke. Kijana asiyejua kusoma asikataliwe, maana mazoezi mengi ni ya kusema na kuchora.

Waalike pia wenye heshima isiyoandikwa katika sheria: shehe au imamu, mkunga, mzee wa matambiko, nahodha anayesikilizwa bandarini, na penye Wamaasai, laigwanani, yaani kiongozi wao wa kimila. Hawa hawana sahihi kwenye muhtasari, ila bila wao uamuzi haukai. Wape kiti, wape na mipaka: wanashauri, hawapigi kura kwa niaba ya mtu.

Baraza la Ardhi la Kijiji lisisahaulike. Lina wajumbe saba, watatu angalau wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Kusuluhisha tu. Halitozi faini, halitoi hukumu. Ukilisema hilo mbele ya watu, angalia nyuso. Kuna atakayekumbuka alivyotozwa mbuzi.

Wachache ndani ya kijiji

Mkutano mkuu unaamua kwa wingi wa mikono. Ni jambo zuri mpaka uwe miongoni mwa wachache. Kilindi kuna Waakie, watu wa asali na msitu, ambao wenzao wengi wako ng'ambo ya pili Kiteto. Handeni na Bagamoyo kuna wafugaji wa Kimaasai na Waparakuyo wanaoishi katikati ya wakulima wengi zaidi yao. Msomera, huko Handeni, tangu 2022 imepokea familia zilizotoka Ngorongoro, na wenyeji wa awali nao wapo. Kijiji kinaweza kufuata sheria neno kwa neno na bado kikapiga kura ya kulima malisho ya watu wengine.

Tanzania haina sheria ya peke yake kwa ajili ya jamii za asili. Msimamo wa serikali ni kwamba Watanzania wote ni wazawa. Hata hivyo nchi yetu ilipiga kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Jamii za Asili lilipopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 zikiunga mkono na nne zikipinga. Ibara ya 18 ya azimio hilo inatoa haki ya kushiriki maamuzi kupitia wawakilishi ambao jamii imewachagua yenyewe, na ya 32 inataka ridhaa ya jamii, iliyotolewa kwa hiari baada ya kuelezwa kila kitu, kabla mradi haujaidhinishwa kwenye ardhi yao. Azimio si sheria ya bunge, kwa hiyo usimpe mtu matumaini ya kwenda nalo mahakamani kesho. Lifundishe kama kipimo, kisha uwaonyeshe njia zilizopo ndani ya sheria zetu. Nazo ni nne ninazozijua kufanya kazi.

Kwanza kitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji anaingia halmashauri ya kijiji moja kwa moja, kwa hiyo jamii ndogo yenye kitongoji chake ina sauti mezani hata ikiwa haina wingi mkutanoni. Pili mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaotaja kwa ramani malisho, njia za mifugo, msitu wa asali na maeneo ya matambiko. Tatu sheria ndogo za kijiji, ambazo halmashauri ya kijiji inazipendekeza, mkutano mkuu unazijadili, na halmashauri ya wilaya inazipitisha. Nne ni hati miliki ya kimila ya pamoja, inayotolewa kwa kundi badala ya mtu mmoja. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipata ya kwao 2011, na mfano huo ukiwasimulia wazee wa Kilindi watakuuliza maswali mpaka magharibi.

Simulia pia kesi ya jirani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa hapo Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, jamii ya asili ya huko, kwa kuwaondoa Msitu wa Mau, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza fidia. Isimulie yote, pamoja na miaka iliyopita kati ya hukumu na fidia, maana watu wanaostahimili kesi ndefu ni wale walioambiwa mapema kuwa ni ndefu.

Kwa mafunzo yenyewe: kaa na jamii hiyo peke yao nusu siku kabla ya kikao cha wote, kwa lugha yao, na mkalimani wamchague wao. Hoja wanazotaka zifike mbele waamue wenyewe nani atazisema.

Siku ya kwanza: kijiji chini

Usifungue kompyuta. Safisha uwanja, leta majivu, kokoto, majani ya mkorosho na vifuu vya nazi, uwaombe wachore kijiji. Waume peke yao, wake peke yao, vijana peke yao. Saa moja na nusu inatosha. Kisha makundi yatembeleane.

Ramani ya wanaume itakuwa na barabara, ofisi, msikiti na mpaka. Ya wanawake itakuwa na visima, zahanati, mahali pa kuni, na mara nyingi kitu ambacho wanaume hawakukichora, kwa mfano kipande cha ufuo kilichozungushiwa uzio ambacho zamani kilikuwa njia ya kushukia baharini. Hapo simama. Usiende kwenye mada inayofuata hata kama ratiba inakusukuma. Uliza, "Uzio huu uliwekwa lini, na mkutano gani uliuridhia?" Kimya kitakachofuata ndiyo mada ya mafunzo yote.

Mchana orodhesheni hoja za kijiji kwa mtindo wa fursa na vikwazo, ule ambao halmashauri zetu zinautumia kupanga bajeti. Viongozi wengi wanaujua tayari, kwa hiyo usiueleze sana.

Siku ya pili: makabrasha ya kijiji chenyewe

Hii ndiyo siku yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayoogopwa. Kabla ya kuja, kubaliana na mtendaji kwamba ataleta daftari la mihtasari, leja ya mapato na matumizi, vitabu vya stakabadhi na cheti cha ardhi ya kijiji kama kipo. Mweleze wazi kuwa si ukaguzi. Akikataa, usimlazimishe, tumia nakala za mfano ulizotengeneza, na watu wenyewe watauliza kwa nini za kwao hazipo.

Gawa makundi ya watu watano, kila moja liwe na anayesoma vizuri. Kazi ya kwanza: kutafuta katika muhtasari tarehe, mahudhurio, ajenda, yatokanayo, maazimio na sahihi. Kazi ya pili: kuangalia "mengineyo" kuna nini. Mambo makubwa yana tabia ya kujificha humo. Ajenda inasema ujenzi wa choo cha shule, watu wanajadili choo saa mbili, wanaanza kuondoka, halafu kwenye mengineyo anatajwa mgeni anayehitaji ekari kadhaa. Wafundishe kuomba hoja ya ardhi iwe ajenda kamili, itangazwe mapema kwenye mbao za matangazo za vitongoji vyote. Kazi ya tatu ni leja: chukueni ushuru wa mwezi mmoja, jumlisheni stakabadhi kwa mkono, mlinganishe na kilichoandikwa.

Mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Fanyeni zoezi la kusoma na la kuuliza. Mwananchi asiyezoea atasema, "Hela zetu mmekula." Msaidie aibadilishe: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuona stakabadhi za ushuru wa samaki za mwezi wa nane." Swali la kwanza linaleta ugomvi, la pili linaleta kitabu.

Mwisho wa siku rudini kwenye lile bango la "nani mkubwa". Mpe kalamu rashasha mtu mwingine, si wewe.

Siku ya tatu: mwekezaji anakuja

Panga igizo. Bagamoyo na Chalinze wana bahati ya kuwa karibu na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na wanafunzi wa sanaa wanaweza kuombwa. Kwingineko vijana wa kijiji wanatosha. Mmoja ni mwekezaji mwenye faili zuri, mmoja afisa aliyemsindikiza, mmoja mwenyekiti aliyekwisha kupokea kadi ya simu na ahadi ya zahanati. Kijiji kizima ndicho mkutano mkuu. Mwekezaji anataka ekta 200 za ufuo na korosho.

Acha waigize bila kuwakatiza. Mara ya kwanza huwa wanakubali ndani ya nusu saa, kwa kuwa zahanati inahitajika kweli. Kisha gawa kadi zenye maswali na muanze upya. Je, ardhi itahamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiwe tena chini ya kijiji? Ikihama ikiwa chini ya ekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua baada ya kupata mapendekezo ya mkutano mkuu. Kumbusha kuwa ekta 250 ni ekari mia sita na zaidi, kwani watu wetu wanapima kwa ekari na kosa la kipimo limewahi kupoteza mashamba. Je, fidia ni kiasi gani, ya aina gani, italipwa lini? Sheria haikubali ardhi ihame kabla hayo hayajaafikiwa. Je, ahadi ya zahanati imeandikwa wapi? Mradi ukifa, ardhi itarudi kwa nani? Swali hili la mwisho lisipoulizwa na mtu, liulize wewe.

Kwa vijiji vya uvuvi unaweza kubadilisha igizo liwe la kufunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi hapo. Tanga ina historia yake hapa: programu ya hifadhi na maendeleo ya pwani iliyoanza 1994 ilifanya kazi na vijiji hadi vikakubaliana kufunga baadhi ya miamba na kupanga doria za pamoja. Ilifikia mwisho 2007, na miaka iliyofuata baruti za wavuvi haramu zilisikika tena. Waulize wazee wa Kipumbwi au Tongoni wanaukumbuka vipi wakati ule, na nani alilipia mafuta ya boti ya doria. Kipengele hicho cha mafuta kiingie kwenye mpango wenu tangu mwanzo.

Jioni ongeleeni fedha. Halmashauri za wilaya zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinahitaji katiba, usajili, akaunti na andiko la mradi. Mwiteni afisa maendeleo ya jamii wa kata aeleze mwenyewe. Inasaidia watu kujua sura yake.

Posho

Lisemwe wazi. Nauli lipa. Chakula pika hapo hapo, wapishi wawe wa kijiji, na wali wa nazi kwa samaki hautakugharimu kuliko vile visanduku vya mjini. Posho ya kukaa mimi siitoi, na nasema hivyo kwenye barua ya kwanza. Baadhi ya viongozi hawatakuja. Wanaokuja bila posho ndio utakaowakuta mwakani. Mwanamke mwenye mtoto mchanga mwandalie mtu wa kumshikia mtoto, hiyo si posho.

Baada ya hapo

Acha nakala kijijini: muhtasari wa kufundishia, kurasa za sheria mlizosoma, picha ya ramani ya majivu. Seti moja ofisini, nyingine kwa mtu ambaye si kiongozi, aliyechaguliwa na mkutano. Anayetaka kusoma zaidi mwelekeze Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, ila usidhani kila mmoja anahitaji cheti.

Kisha nenda kwenye mkutano mkuu wa robo inayofuata. Kaa nyuma, usiseme neno. Hesabu mambo matatu: ajenda ilitangazwa siku ngapi kabla, mapato na matumizi yalisomwa au yalirukwa, na wanawake wangapi waliuliza swali, si waliohudhuria. Yakirukwa na hakuna aliyenyoosha mkono, rudia siku ya pili ya mafunzo peke yake, safari hii kwenye vitongoji, na anza na kile ambacho mwenyekiti wake hakufika.